Sauti Niliyomwibia Muuza Mukene

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuwasemea watu wasionijua. Nilikaa nyuma ya kipaza sauti katika kibanda cha video kilichoegemea soko, hapa Busia, nikipunguza sauti za Wazungu kwenye skrini na kuweka yangu mahali pao. Upande wetu wa Uganda waliniita viijei. Waliovuka kutoka Kenya waliniita dijei. Nilitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu hapa mpakani ndiyo lugha ambayo Msamia, Mjopadhola, Mteso, Mjaluo na dereva wa lori aliyetoka Mombasa wanaweza kuichekea pamoja. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili. Nilipokosa neno nilitunga, na hakuna aliyegundua, au kama aligundua alipenda nilichotunga kuliko kilichosemwa.

Kazi hiyo nilitafutiwa na mama mmoja. Nilikuwa nimetoka Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu, siku chache baada ya ukuta wa shimo letu kubomoka na kumfunika mwenzangu hadi shingoni. Tulimtoa akiwa hai, lakini mimi sikurudi tena chini. Nikaja mjini na begi moja. Yule mama aliuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani ambao ng'ambo ya pili wanawaita omena, na meza yake iligusana na ukuta wa mabati wa kibanda. Alikuwa Mjopadhola wa Paya, mjane, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka kwa chumvi na jua, na sauti ya mkwaruzo kama ya mtu aliyeishi miaka mingi mbele ya moshi. Siku ya kwanza aliniona nikizungukazunguka mezani kwake bila kununua. Akanisukumia sahani ya posho, ugali wa upande wetu, na mchuzi.

"Kula kwanza," alisema. "Maneno itakuja baadaye."

Nilikula kwake karibu miezi miwili. Nilimbebea magunia, nikamsaidia kuanika, na jioni niliwachekesha wauzaji kwa kuigiza watu: ofisa wa mpakani anavyokohoa kabla ya kuuliza swali, mhubiri wa stendi anavyopandisha sauti mpaka inakatika. Ni yeye aliyekwenda kwa mwenye kibanda akamwambia, "Huyu mtoto iko na mdomo. Mpe hiyo mashini aongee."

Mwaka wangu wa pili, mwenye kibanda alileta flashi yenye tamthilia ndefu ya mashujaa wa nguvu za ajabu. Shujaa alikuwa kijana yatima aliyeweza kusimamisha treni kwa kunyoosha kiganja tu. Adui yake alikuwa mwanamke wa makamo, nywele za kijivu, ambaye siku zote alivaa glavu ndefu. Akivua glavu na kukugusa, nguvu zako zilihamia kwake. Kama huna nguvu za ajabu, pumzi yako ndiyo iliyohama. Tulionyesha kipande kimoja kila alasiri, saa tisa. Kibanda kilijaa wapiga boda, wabeba mizigo, madereva waliosubiri karatasi zao mpakani, na siku za Jumapili wachimbaji wa Tiira wenye matope makavu kwenye viatu.

Yule adui hakuwa mwongeaji. Alisimama, akatazama, akavua glavu polepole. Kwa mtafsiri, ukimya wa namna hiyo ni shamba lisilolimwa. Siku ya tatu alimkaribia mlinzi mmoja kwenye ngazi, mkono umenyooshwa, mdomo umefumbwa. Watu wote kibandani walibana pumzi. Nikasikia kupitia mabati yule mama akimwita mteja, kama alivyowaita wote tangu siku niliyomjua: "Kuja, kuja karibu, mimi sikuli!"

Nikaichukua. Nikaikwaruza sauti kama yake na kumtilia yule Mzungu maneno hayo hayo kinywani: "Kuja, kuja karibu, mimi sikuli." Na mlinzi akaanguka.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walipiga mabati kwa ngumi. Mbeba mizigo mmoja aliteleza kutoka kwenye benchi akacheka akiwa chini. Mimi, ambaye mwaka mmoja nyuma nilikuwa naomba posho, nilikaa gizani nikihisi kicheko hicho kikipanda miguuni kama maji ya moto. Sikuwa na kinyongo naye. Laiti ningekuwa nacho. Ningekuwa na sababu ya kueleza. Alikuwa amenipa chakula na kazi, nami nilimchukua kwa sababu alikuwa karibu na sauti yake ilifaa.

Mwanzoni na yeye alicheka. Wapiga boda walipita mezani kwake wakisema, "Mama, usitule!" naye akawarushia mukene mmoja mmoja. Kesho yake nikaongeza. Nikampa yule adui namna yake ya kushika kiuno, namna yake ya kuguna kabla ya kujibu, hata jinsi alivyolalamika juu ya mvua inayolowesha samaki. Kufikia wiki ya pili watu hawakuja kumwona shujaa tena. Walikuja kumsikia adui. Walipotoka alasiri, jambo la kwanza waliloliona nje ya mlango lilikuwa meza ya mukene na mwanamke mwenye sauti ile ile.

Utani ulibadilika bila mtu kutangaza. Wateja walianza kuweka hela mezani badala ya kumkabidhi mkononi, na kungoja chenji iwekwe mezani pia. Mama mmoja alimkaza mtoto wake mgongoni akaenda kununua kwa mwingine. Watoto walishindania nani atakimbia karibu zaidi na meza yake bila kushikwa. Nilikuwa nayaona yote haya kwenye ufa wa mabati, kabla ya onyesho, nikinywa chai. Niliona pia kwamba mukene wake walibaki mpaka jioni, na kwamba alianza kuvaa shuka mabegani na kuficha mikono humo ndani, kwenye jua kali.

Siku moja mchana aliingia kibandani nikiwa peke yangu naunganisha waya. Hakuketi. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyeingia ofisi ya serikali.

"Mwanangu," alisema, "mimi nakuja kuomba."

"Karibu, mama. Kuna nini?"

"Hiyo maneno unasema ndani ya hiyo mashini. Watu nakimbia mimi. Huyu wa nyanya, jirani yangu, jana amekataa nimbebee mtoto. Mtoto mimi nabeba tangu amezaliwa." Alivuta shuka, akaficha mikono. "Mimi sijui kukasirika na wewe. Naomba tu uweke sauti ingine. Sauti ni nyingi."

Nilimwambia nimesikia. Nilimwambia, "Samahani, mama, ilikuwa mchezo tu, kuanzia leo nitabadilisha." Alinishukuru. Alinishukuru kwa heshima, akipiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa kwao, mbele yangu mimi niliyekuwa nimekula sahani zake.

Alasiri hiyo nilijaribu kweli. Nilimpa adui sauti nzito ya kiume. Watu waliguna. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Viijei, leo umekula nini?" Wengine wakaanza kuongea wao kwa wao, na hicho ndicho kitu ambacho mtu aliyezoea kusikilizwa hawezi kukivumilia. Kwenye skrini, shujaa alikuwa amembana adui ukutani kwa mara ya kwanza, naye adui alikuwa akimwomba jambo fulani kwa sauti ya chini. Nikavuta kipaza sauti karibu. Nikaikwaruza sauti.

"Mwanangu," nilisema, "mimi nakuja kuomba. Watu nakimbia mimi. Mimi sijui kukasirika na wewe. Naomba tu uweke sauti ingine. Sauti ni nyingi."

Kibanda kilipasuka. Walirudia maneno yale kwa pamoja, wakipiga magoti kwenye mchanga, wakiinua mikono. Nilijua meza yake iko wapi. Nilijua mabati ni membamba kiasi gani. Nilipotoka jioni alikuwa amekwisha kufunga na kwenda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya jua kuzama.

Hakuja kwangu tena. Aliendelea kuuza, au kukaa mezani, kwa siku kama kumi. Kisha mtoto wa yule muuza nyanya, msichana wa miaka miwili hivi, akashikwa na homa. Ilikuwa msimu wa mvua, na homa zilikuwa kila nyumba. Walimpeleka kituo cha afya, wakamrudisha, wakampeleka tena, na Alhamisi akafa.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ng'ambo ya njia nikila chapati nilipoona watu wamejazana kwenye meza ya mukene. Nilivuka. Nilidhani ni ugomvi wa wauzaji. Walikuwa wamemkalisha chini, na wabeba mizigo wawili walikuwa wakimfunga mikono ndani ya magunia ya samaki, kila mkono gunia lake, na kamba kwenye kiwiko. Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nikitazama. Kwenye tamthilia, wiki hiyo hiyo, shujaa na wenzake walikuwa wamemnasa yule adui na kumfunga mikono ndani ya vyuma ili asiguse mtu. Walikuwa wanafanya walivyofundishwa. Hakuna aliyecheka. Yule muuza nyanya alikuwa ameketi kando, kitambaa mdomoni, akitazama bila kuzuia na bila kusukuma.

"Viijei!" mmoja aliita. "Viijei huyu hapa!"

Wakanipisha njia, kama wanavyompisha mtu mkubwa. Nilijikuta ndani ya duara, mbele yake. Shuka lilikuwa limemwanguka. Aliinua uso akaniona, na nikaona jinsi uso wake ulivyolegea, jinsi mabega yalivyoshuka. Alifikiri nimekuja kuwaambia ukweli.

"Mwanangu," alisema, "waambie."

Nataka kulisema hili bila kujificha nyuma ya kitu chochote. Nilijua kwamba nikisema "mwacheni" wangemwacha. Wale watu walikuwa wamenisikiliza kila siku kwa mwaka mzima. Walicheka nilipotaka wacheke na kunyamaza nilipotaka wanyamaze. Nilikuwa na uwezo ule, ulikuwa umejaa kinywani mwangu, na nilihisi utamu wake hata pale, hata nikimtazama. Na nilijua kingine pia: nikisema "mwacheni", wangenitazama kama walivyonitazama siku ile nilipoweka sauti nzito. Wangeguna.

"Sema, viijei," mtu alisema nyuma yangu, taratibu, kama anayeomba wimbo.

Nikasema. Nilitoa sauti ya shujaa, ile safi ya kifua, na maneno ya kipande cha juzi. "Leo," nilisema, "hutagusa mtu tena."

Walishangilia. Mbeba mizigo mmoja akachukua mchi uliokuwa kwenye meza ya jirani, wa kutwangia karanga, akaupiga kwenye gunia la mkono wa kulia. Kisha tena. Nakumbuka kwamba alipiga gunia kwa uangalifu, akilenga, kama mtu anayefanya kazi. Yule mama hakupiga kelele kwa Kiswahili. Alilia kwa Dhopadhola, maneno ambayo sikuyajua, na hiyo ndiyo mara pekee alipozungumza nami nikashindwa kumtafsiri.

Polisi walikuja kwa miguu wakamtoa. Mwanawe mkubwa alifika mchana na pikipiki kutoka Paya, akamfunga kwa leso mgongoni mwake kama mtoto ili asianguke, wakaondoka. Meza yake ilibaki siku mbili, kisha mtu mwingine akaweka sabuni juu yake.

Ningependa kuandika kwamba sauti ilinikauka, au kwamba watu walinigeuka. Hakuna kilichonipata. Alasiri ile ile ya Ijumaa kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Nilitafsiri. Kipande cha mwisho kilipofika, shujaa alimuua adui juu ya daraja, na makofi yalidumu mpaka majina yote yakaisha kwenye skrini.

Msimu uliofuata wa tamthilia, yule shujaa alianza kuharibika. Hakuwa na wa kumzuia tena. Alifunga watu aliowashuku, akatawala mji wake kwa kiganja, na waliomwandika walitaka tumwogope. Watu wangu hawakupenda. Walinijia nje, mmoja mmoja, wakiniuliza, "Sasa adui atakuwa nani?" Na kabla sijajibu, walikuwa na jibu lao. Mwanamke mmoja alinieleza sauti ya mke mwenzake, jinsi anavyovuta pumzi puani. Mwanamume mmoja aliniletea habari za kaka yake waliyekuwa wakigombania naye shamba huko Mella: anachechemea hivi, anapenda kusema hivi. "Mtie tu mara moja," alisema. "Wewe ukimtia, watu wataelewa."

Sikumfukuza. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na nikamwomba arudie kile kicheko cha kaka yake ili nikishike vizuri. Kaka yule alinusurika, lakini si kwa sababu yangu. Wiki hiyo mwenye kibanda aliuza viti na spika, akageuza mahali pale kuwa duka la kubeti, kwa kuwa kila kijana alikuwa na simu na angeweza kutazama mashujaa wake peke yake, kitandani, bila mtafsiri.

Ilichukua miezi mingine minane kabla sijaenda Paya. Nilipanda gari hadi Tororo, kisha boda. Njiani nilijifunza maneno ya kuomba radhi, nikiyasema kimoyomoyo na kuyapanga upya. Nilimkuta ameketi mkekani uani, akichambua karanga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani. Vidole viwili vilikuwa vimeunga vikiwa vimepinda upande, vikiangalia kule visikopaswa kuangalia.

"Mama, hujambo?" nilisema.

Hakuinua uso. "Huyo ni viijei," alisema. Kisha akamwita mke wa mwanawe aniletee kiti na maji. Nilikunywa. Nikafungua mdomo kuanza yale niliyoyapanga, naye akanikatiza.

"Hiyo sinema iliisha?"

"Iliisha, mama."

"Mimi nilikuwa nasikia kila siku kwa mabati. Nilitoka kabla ya mwisho. Huyo mama wa glavu alienda wapi?"

"Alikufa."

"Nani aliua?"

"Yule kijana. Juu ya daraja."

"Na watu?"

Nilitazama karanga. "Walipiga makofi."

Alichambua kidogo. Maganda yalipeperuka kuelekea kuku. "Alikuwa nakula watu kwa nini?" aliuliza. "Mimi sikusikia ukisema."

Sikuwa nimesema, ni kweli. Katika kipande cha pili kabisa kulikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza, na niliyaelewa vya kutosha. Yule mwanamke alikuwa na mtoto. Watu waliompa shujaa nguvu zake walizijaribu kwanza kwa mtoto huyo, akafa mikononi mwa mama yake, na kuanzia siku hiyo mikono ile ikawa ilivyokuwa. Wakati wa maelezo yale mimi nilipiga mzaha juu ya mavazi yake, kwa sababu nilihofia watu wangemhurumia na burudani ingeharibika. Nilimweleza yule mama haya yote, polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, mama."

Aligeuka akamwambia mke wa mwanawe jambo kwa lugha yao, naye akachukua kikombe changu akaingia nacho ndani. Wakati huo mwanawe alitokea njia ya shamba, jembe begani. Alisimama. Sijui kama aliwahi kuniona uso, lakini nilipomsalimu alinitambua kwa sauti, ile aliyoisikia kupitia mabati alipomtembelea mama yake sokoni, na nikaona jembe likishuka kutoka begani hadi mkononi. Nilisimama. Nilimgeukia mama yake, nikingoja.

"Usimpige hapa," alimwambia mwanawe, kwa Kiswahili, ili na mimi nielewe. "Hapa watoto nalala. Mpeleke kwa barabara."

Akanipeleka. Alitumia mpini, hakutumia chuma. Nilihesabu hilo kuwa huruma, ingawa huenda alikuwa tu anaogopa jela. Alinipiga mgongoni na begani mpaka nikakaa chini, na alipomaliza alifuta mpini kwenye majani, akarudi nyumbani. Wanawake wawili waliopita na kuni waligeuza nyuso. Nilikaa pale mpaka boda ikapita na kusimama. Kijana aliniuliza kimenipata nini. Nilimwambia nimeanguka. Aliangalia shati langu, akawasha pikipiki, akanipeleka Tororo.